Haki ya Kuanguka

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikikutanishwa mahali pamoja hushindana kama mawakili wawili barazani. Ya kwanza yasema, "Mwenda pole hajikwai." Ya pili yasema, "Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele." Ile ya kwanza hupendwa na walezi, kwa kuwa mlezi hutamani mtoto wake arudi nyumbani jioni magoti yakiwa hayana jeraha. Ile ya pili hupendwa na vijana, kwa kuwa kijana hutamani kufika mbali. Msomaji, katika insha hii nataka tuzipeleke methali hizi mbili mbele ya hakimu mmoja, nawe uwe hakimu huyo. Kesi yenyewe ni hii: je, ni wema kumzuia asianguke mtu ambaye viungo vyake ni dhaifu? Au yamkini wema huo una dhuluma ndani yake?

Naandika haya kutoka Sosiot, katika nchi ya chai ya Kericho. Atakaye kuijua nchi hii na afikiri vilima vilivyofunikwa na michai iliyopunguzwa sawasawa, mvua inyeshayo alasiri nyingi za mwaka, na njia za udongo mwekundu ziteremkazo mabondeni na kupanda tena. Mtoto wa huku hujifunza kupanda mlima kabla hajajifunza kusoma. Ni nchi iliyomzaa Wilson Kiprugut Chumo, ambaye mwaka 1964 mjini Tokyo aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, nishani ya shaba, katika mbio za mita 800. Uwanja wa michezo wa mjini Kericho umepewa jina lake. Katika nchi ya namna hii miguu ni utajiri, na kijana asiyeweza kukimbia huweza kujiona maskini kati ya matajiri.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo katika shule moja niliyofundisha. Alikuwa na mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Mguu wake wa kulia ulikakamaa, kisigino chake hakikukanyaga ardhi vema, na mkono wa upande uleule ulijikunja kifuani kila alipofanya haraka. Akili yake ilikuwa kali. Katika hesabu hakupungua kuwa wa tatu darasani. Kila siku ya michezo nilimpa kazi ya kulinda nguo za wenzake na kushika saa yangu. Niliona kwamba nimemtendea hisani kubwa: nimempa cheo, na nimemwepusha na aibu. Tena nilijisifu moyoni kuwa mwalimu mwingine angalimwacha darasani peke yake.

Alasiri moja, mvua ilipokuwa imekatika, nilipita nyuma ya madarasa mahali ambapo shule ilipakana na shamba la chai. Palikuwa na mtaro wa kupitishia maji, upana wake kama hatua moja ya mtu mzima. Nilimkuta kijana yule peke yake. Alikunja magoti, akaruka, akaanguka topeni, akainuka, akarudi nyuma, akaruka tena. Shati lake lilikuwa jekundu kwa udongo hadi kifuani. Nilimkimbilia nikamkemea kwa sauti kuu. Alinisikiliza hata nikamaliza, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, wenzangu wakianguka uwanjani huwaambii waache."

Sikuwa na jibu. Nililitafuta usiku ule na siku nyingi baadaye, na insha hii ni matunda ya kutafuta kwangu.

Kwanza yatupasa kuijua hali yenyewe, maana huruma isiyo na maarifa ni kama taa isiyo na mafuta. Mtindio wa ubongo hauambukizi, wala si laana, wala si adhabu ya kosa la mzazi. Hutokana na jeraha au hitilafu katika ubongo ungali unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya utoto. Pengine mtoto hukosa hewa katika uzazi mgumu. Pengine huzaliwa kabla ya miezi kutimia. Pengine hupatwa na manjano kali, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini amri ambazo ubongo huipelekea misuli hufika zikiwa zimepotoka: msuli uliopaswa kulegea hukaza, na ule uliopaswa kukaza huchelewa. Katika kila watoto 1000 wanaozaliwa duniani, wapatao 2 au 3 huwa na hali hii. Wataalamu huigawanya katika ngazi tano. Aliye katika ngazi ya kwanza hutembea, hupanda ngazi na hata kukimbia, ingawa kwa shida ya wepesi na mizani; aliye katika ngazi ya tano huhitaji kubebwa au kusukumwa katika kiti cha magurudumu.

Habari za hali hii zimejulikana kwa matabibu tangu zamani. Mwaka 1862 zilichapishwa habari alizozikusanya William John Little, tabibu wa London ambaye mguu wake mwenyewe ulikuwa na kilema tangu utotoni. Alionyesha uhusiano uliopo kati ya uzazi mgumu na kukakamaa kwa viungo vya mtoto. Lakini kuujua ugonjwa ni jambo moja, na kujua la kufanya ni jambo jingine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu wengi walishika fundisho kwamba msuli uliokakamaa usitumikishwe kwa nguvu, wakiogopa kuwa jitihada ingeuzidishia kukakamaa. Watoto wakanyoshwa viungo, wakakandwa, wakafungwa vyuma miguuni. Lakini hawakuombwa kutia nguvu. Katika miaka ya 1990 watafiti walilipima fundisho hilo badala ya kulikariri. Wakaona kwamba msuli uliokakamaa ni msuli dhaifu vilevile, na kwamba mazoezi ya nguvu huuimarisha bila kuuzidishia kukakamaa.

Zingatia jambo hili, msomaji. Waliokataza hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wema na wenye elimu, na walikataza kwa huruma. Hata hivyo watoto wa vizazi kadhaa walikua na miguu dhaifu kuliko ilivyolazimu, kwa sababu hofu ilivaa joho la elimu na hakuna aliyeiuliza inakotoka.

Sasa tuulize: kwa nini kuruka, wala si kutembea tu? Mtu atakapo kuruka hukunja magoti kwanza. Wakati huo misuli ya paja na ya shavu la mguu hunyoshwa pamoja na kano zake, kama mpira wa manati unavyovutwa. Kisha papo hapo hujifupisha kwa nguvu, na mwili hutupwa juu. Siri yote imo katika upesi wa kugeuza, kunyoshwa na kujifupisha kufuatane pasipo kukawia. Na kukawia huko ndiko kunakomsumbua mwenye mtindio wa ubongo. Hana haja ya nguvu ya kubeba gunia tu. Anataka nguvu ya upesi: ya kumpisha mwendesha pikipiki, ya kuruka dimbwi, ya kujishika asianguke anapoteleza katika njia ya utelezi. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya karibuni kwa makundi madogo ya watoto na vijana wanaotembea wenyewe umeonyesha kuwa mazoezi ya kuruka, yakipangwa vema kwa majuma kadhaa, yaweza kuongeza nguvu ya miguu na kuufanya mwendo uwe bora. Makundi yalikuwa madogo, kwa hiyo haifai kutangaza muujiza. Lakini haifai pia kujifanya hatukusikia.

Mazoezi hayo si kurukaruka ovyo. Kwanza mwanafunzi hupimwa na tabibu na mtaalamu wa viungo, maana mwenye nyonga iliyoteguka, au mifupa dhaifu, au kifafa kisichotulizwa, ana hatari zake. Kisha huanza chini kabisa: kuinuka na kuketi kitini upesi, kusimama kwa vidole, kuruka mahali pamoja akishika ukuta, kuvuka kwa miguu yote miwili mstari wa chaki au kamba iliyolazwa chini, kushuka kutoka kidato kifupi na kutua kwa magoti yaliyolegea. Kujifunza kutua hutangulia kujifunza kupaa. Hufanywa juu ya majani au mkeka, mara mbili au tatu kwa juma, na siku za kupumzika katikati, na ugumu huongezwa kidogo kidogo. Hakuna ndani yake jambo ambalo shule ya kijijini haiwezi kulipata, isipokuwa ule ushauri wa mtaalamu, ambao yafaa kuufuata hospitali.

Kwa kuwa tuko barazani, niite mashahidi wawili. Wa kwanza ni Ray Ewry, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1873. Utotoni alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akakaa katika kiti cha magurudumu, na ilihofiwa kwamba hatatembea tena. Ugonjwa wake haukuwa mtindio wa ubongo, lakini kifungo chake kilifanana nao. Alijitia katika mazoezi ya miguu, na hasa ya kuruka. Mwaka 1900 mjini Paris, katika siku moja, alishinda nishani tatu za dhahabu za Olimpiki katika michezo ya kuruka bila kukimbia kwanza. Na hadi kufika mwaka 1908 alikuwa na nane.

Shahidi wa pili ni Mkenya mwenzetu, Samson Ojuka. Mwaka 2024, mjini Paris vilevile, alishindana katika Michezo ya Paralimpiki, katika kuruka mbali, kundi la T37. Kundi hilo ni la wanariadha ambao upande mmoja wa mwili umekakamaa au hautii amri sawasawa, na wengi wao wana mtindio wa ubongo. Aliruka mita 6.20 akapata nishani ya fedha, na hiyo ndiyo nishani pekee iliyokuja Kenya kutoka katika michezo ile. Nchi yetu, inayojivunia mbio, siku zile ilibebwa na mruko.

Sasa wakili wa upande wa pili asimame, maana kesi isiyosikilizwa pande zote si kesi. Nilipokwenda kwa nyanya wa kijana yule, ambaye kwa desturi ya Wakipsigis nilimwita Kogo, alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Akivunjika mguu, Mwalimu, utampa wako?"

Ni swali zito, na mwalimu anayelicheka hastahili kupewa mtoto wa mtu. Jibu langu ni kwamba hatari ipo, na wajibu wa mlezi ni kuipunguza kwa maarifa. Lakini tutazame kilichotokea pale mtaroni. Tulipomkataza kijana kuruka hatukumwondolea hatari, tulimwondolea msaidizi. Aliendelea kuruka, ila aliruka peke yake, katika tope, pasipo wa kumwonyesha namna ya kutua, pasipo wa kumwinua. Katazo letu lilizaa hatari kubwa kuliko ile lililoikimbia. Nilimwambia Kogo hivyo, nikaongeza kwamba hatua ya kwanza ingekuwa hospitali. Alifikiri sana, kisha akakubali kwa sharti kwamba aende naye.

Nilipojichunguza zaidi niligundua jambo lililoniaibisha. Nilidhani kwamba nilimhurumia kijana, kumbe kwa sehemu kubwa nilijihurumia mwenyewe. Sikupenda macho yangu yaone kuanguka kwake. Kulinda nguo kulimfaa nani? Kulinifaa mimi, kwa kuwa kulinipa alasiri isiyo na wasiwasi. Hapa ndipo ninapoona mpaka kati ya huruma ya kweli na ile ya uongo. Huruma ya kweli humwuliza mwenzako, "Wataka nini, nami nikusaidie vipi?" Huruma ya uongo haiulizi neno, hutazama, husikitika, huamua, na mwisho hujishukuru. Miaka mitatu nilimhurumia kijana yule bila kumwuliza swali hata moja.

Lakini, msomaji, tusikimbilie upande wa pili tukaangukia huko. Wako watoto wa ngazi ya nne na ya tano ambao hawataruka kamwe, wafanye mazoezi namna gani. Je, wao ni pungufu ya wengine? La hasha! Kama thamani ya mtu ingepimwa kwa kimo cha mruko wake, chura angekuwa mfalme wetu. Utu hautokani na mguu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na kuitwa kwa namna isiyomshusha. Haikutaja kwanza aweze kufanya nini. Mazoezi ya kuruka ni mema kwa anayeyataka na anayeyaweza; lakini mzazi anayemlazimisha mtoto aruke ili jirani wasiuone ulemavu wake haponyi mguu, huponya kiburi chake. Vilevile mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi mwenye ulemavu mbele ya darasa na kusema, "Akiweza huyu, ninyi je?" amemgeuza mtoto kuwa fimbo ya kuwachapia wenzake. Naye hakuja shuleni kuwa fimbo. Alikuja kusoma na kucheza.

Haki ninayoitetea basi si haki ya kushinda, kwa kuwa hiyo hakuna aliyeahidiwa. Ni haki ya kujaribu, na haki ya kujaribu haiwezi kutenganishwa na haki ya kuanguka. Umnyimaye mtu moja, umemnyima zote mbili. Mtoto mwenye viungo timamu huanguka mara elfu kabla hajajua kutembea, na kila mara hushangiliwa. Mwenye viungo dhaifu huanguka mara moja, na nyumba nzima hushika vichwa. Hivyo wa kwanza hujifunza kwamba kuanguka ni sehemu ya mwendo, na wa pili hujifunza kwamba kuanguka ni mwisho wa mwendo. Mguu wa pili umelemazwa mara mbili: kwanza na ubongo, kisha na sisi.

Pengine utataka kujua habari za kijana. Mtaalamu wa viungo alimpima, akaona nyonga na mifupa yake ni salama, akatuandikia mazoezi. Tuliyafanya mara mbili kwa juma juu ya majani, na wenzake wawili wakaja kumshika mikono. Muhula wa kwanza sikuona badiliko kubwa, ila visigino vyake vilianza kukanyaga chini. Muhula wa tatu, alasiri moja, aliniomba twende mtaroni. Aliuvuka. Hakuna aliyepiga makofi, maana tulikuwa wawili tu. Aligeuka akauruka tena kurudi, akateleza, akaanguka. Safari hii nilinyamaza, nikangoja ainuke. Aliinuka. Bado anachechemea, na atachechemea maisha yake yote. Lakini tangu siku ile hakulinda nguo za mtu.

Sasa toa hukumu, msomaji. Yangu ni hii: methali zile mbili hazigombani, sisi ndio tuliozigombanisha. Ile ya kwanza yasema "mwenda pole", haikusema "mkaa kitako". Mwenda pole ni mwendaji. Ana hadhari, ana mpango, ana hatua ndogo, lakini anakwenda. Na akijikwaa katika kwenda kwake, ile ya pili i tayari kumwinua. Hadhari ndiyo inayopanga mazoezi, na ujasiri ndio unaoyaanza.

Katika lugha ya Wakipsigis, sosiot ni jina la kijiti kitumiwacho kusafishia kibuyu cha maziwa. Mama mwangalifu hatii maziwa mapya kibuyuni kabla hajakisugua ndani, kwa kuwa ajua kwamba uchafu wa jana huharibu wema wa leo. Darasani mwako, au kijijini kwenu, yumkini yuko mwenzako anayelinda nguo wakati ninyi mnacheza. Usiende kwake na machozi, wala usiende na sifa. Jisugue moyo kwanza, kisha nenda umwulize atakalo. Akisema kwamba ameridhika na kulinda nguo, mheshimu. Akisema kwamba ataka kuruka, mtafutie mwalimu, mtafutie mahali palipo laini, usimame karibu naye. Wala usisahau kwamba hujafa hujaumbika. Mguu unaousimamia leo kwa kiburi waweza kesho kuhitaji bega la mtu. Siku hiyo utapenda kushikwa na yule atakayekungoja uinuke.